Uzito wa Pendekezo la Mhina

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka wa sabini na nne, nesi Elina alipiga deki sebule yake ya Manundu, mjini Korogwe, akaondoa vitambaa vya kufuma mezani na kutandika shuka jeupe. Karibu na mlango aliweka beseni la maji, kipande cha sabuni ya mche na taulo. Chai aliiacha jikoni, kwa sababu chai haikuruhusiwa kukaa meza moja na vitabu. Saa nne wageni wakaanza kuingia, na kila mmoja alinawa mikono kabla hajasalimia mtu.

Pamoja naye walikuwa wanne, na walikuwa wamekutana hivyo kwa miaka sita. Walijuana huko Mnyuzi, mwaka ule ambao meneja mmoja wa shamba la mkonge aliondoka akaacha nyumba na vyote vilivyokuwamo. Vitu vilitandazwa kwenye bohari karibu na reli. Watu waligombea magodoro, sufuria na mapazia. Wanne tu walikwenda kwenye kona yenye vitabu, wakainama kwa pamoja, wakagongana vichwa, wakaombana radhi. Tangu siku ile wakawa marafiki.

Elina alikuwa mkunga, na udhaifu wake ulikuwa picha za rangi, hasa zile zinazofunikwa kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Bi Mwaija alikuwa mkulima wa Kwemlomba, huko mbele ya Sindeni, mjane wa miaka hamsini na kitu. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamwachia vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, wino mweusi kwa maneno na wino mwekundu kwa pambizo. Yeye mwenyewe alijua kujalidi upya kitabu kilichoachia, kwa ngozi ya mbuzi na gundi ya unga wa muhogo. Alikuwa na vitabu arobaini na kimoja kwenye sanduku la mninga, na katikati yao majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasije.

Salaash wa Parit alichunga ng'ombe kwenye nyika kavu za Handeni. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na bado alisoma silabi moja moja. Lakini ngozi na uzi wa jalada alivijua kuliko wote. Alinusa mgongo wa kitabu, akavuta uzi kwa ukucha, akatoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Wa nne alikuwa Mhina, karani katika ofisi moja ya mipango, kijana wa miaka thelathini na nne mwenye mwandiko mzuri hata watu wakahifadhi barua zake za kuomba ruhusa. Yeye hakuwa na vitabu vingi. Kipaji chake kilikuwa kumjua mtu na kumpa kitabu kinachomfaa.

Sheria yao ilikuwa moja. Anayempendekezea mwenzake kitabu lazima aandike pendekezo kwenye kipande cha karatasi, atie jina lake, akiweke ndani ya kitabu. Kipande hicho walikiita cheti. Kama maneno ya cheti yalikuwa kweli, kitabu kilibaki na uzito wake. Kama yalikuwa na uongo, kitabu kiliongezeka uzito kwa kiasi cha uongo wenyewe. Uzito ulianza pale kitabu kilipopokelewa, na kila mtu aliusikia isipokuwa yule aliyetia sahihi. Mwaka wa kwanza Elina alisifia kitabu cha nyimbo za kanisa ambacho alikuwa hajakifungua, na mkoba wa Bi Mwaija ukakatika mpini pale stendi ya mabasi. Elina alikifuta cheti kile, akaandika kingine cha kweli, na kitabu kikarudi kama kilivyokuwa. Hakuna aliyeona ajabu. Bi Mwaija alisema baba yake naye alipima vitabu hivyohivyo, kwa kiganja.

Katika miaka yote sita, hakuna cheti cha Mhina kilichowahi kuongeza hata nusu ratili.

"Shikamoo, Bi Mwaija," alisema Mhina asubuhi ile, mikono ikidondoka maji.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Kazi, mama. Safari za vijijini."

Akafungua kitambaa cha flaneli na kutoa kitabu cha ndege. Kilikuwa kimejalidiwa kwa ngozi ya kijani, kingo tatu zimepakwa dhahabu, na ndani mlikuwa na picha mia moja na arobaini, kila ndege na ukurasa wake. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Kati yao hakuna aliyejua Kijerumani, na hilo halikuwazuia.

Salaash alinusa mgongo. "Mbuzi," alisema. "Lakini mbuzi wa nchi ya baridi. Jua letu hakuliona."

"Zamu ni ya Bi Mwaija," alisema Mhina. Cheti chake kilisomeka hivi: Ndege hawa walichorwa na mtu aliyekuwa na subira ya kuwangoja. Nawe una subira. Mhina.

Alikishika kwa ncha za vidole, akamkabidhi. Bi Mwaija alikipokea kwa mikono miwili, akajikuta ameketi bila kukusudia, na kiti kikalia.

"Leo Mhina ametia chumvi," alisema Elina, nao wote wakacheka. Mhina alichukua cheti chake, akakisoma tena, akaona kila neno ni kweli. Akakirudisha ndani ya jalada. Kisha akasema mvua inakuja, ingawa kulikuwa kweupe.

Mhina alikibeba mwenyewe mpaka stendi. Basi la kwenda Handeni lilikwenda limelalia upande wa kulia. Dereva alisimama mara mbili kukagua matairi, mara ya tatu akauliza nani amepanda na mashine.

"Ni kitabu," alisema Bi Mwaija.

"Basi kisogezwe katikati, mama, kikae juu ya ekseli."

Watu sita walikisogeza. Kufika Sindeni springi ilikatika hata hivyo, na dereva akakishusha kitabu pamoja na mwenyewe, kwa heshima. Salaash, aliyekuwa anarudi kwake kwa basi hilohilo, aliazima punda. Punda alilala chini akakataa kuinuka mpaka mzigo uondolewe. Mwishowe majirani wanne wa Kwemlomba walikata fito mbili, wakafunga machela kama ya kubebea mgonjwa, wakakifikisha kitabu barazani kwa Bi Mwaija jua likizama. Wakanywa uji, wakaenda zao. Mmoja aliuliza kama kina hadithi nzuri.

Jumapili asubuhi Bi Mwaija alimaliza kukamua mbuzi, akanawa, akafungua kitabu. Kurasa zilifunguka kwa wepesi. Aliwatazama ndege mmoja mmoja, hakuwaharakisha, na alikubali kwamba Mhina hakudanganya: aliyewachora alikuwa amewangoja. Alipofika ukurasa wa tisini na nne akakuta karatasi ndefu ya ofisi, nakala ya kaboni, imekunjwa maandishi yakiwa nje. Akajaribu kuichomoa. Haikusogea. Ilikuwa imelala pale kama jiwe la kusagia.

Basi aliisoma palepale ilipolala.

Pendekezo. Wakazi wa Kwemlomba, kaya sitini na tatu, wahamishiwe kijiji kipya cha Juhudi. Ardhi inafaa. Maji yapo, ya kutosha mwaka mzima. Wakazi wameulizwa, na wamekubali kwa furaha.

Chini kulikuwa na sahihi kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya Mhina.

Bi Mwaija aliisoma mara mbili. Si kwamba hakuelewa. Mwandiko ule ulikuwa mzuri, na ulistahili kusomwa mara mbili. Kisha akamtuma mtu kumwita Salaash.

Salaash alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho likimtoka puani. Alipofika kwenye neno maji alirudia tangu mwanzo wa mstari.

"Mwezi uliopita nilimpeleka huko Juhudi mwenyewe," alisema. "Bwawa lilikuwa limejaa, bata wanaelea. Nikamwambia, rafiki yangu, usiwaamini hao bata. Ukifika mwezi wa saba, hapa ng'ombe wanalamba tope. Akaandika kwenye daftari. Nilimwona kwa macho yangu akiandika."

"Aliandika," alisema Bi Mwaija. "Halafu akaandika tena."

Akawapelekea Elina na Mhina barua fupi: Kitabu hakiwezi kuja kwenu, njoni ninyi. Nao walikuja Jumamosi iliyofuata. Elina alitangulia, amebeba mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto, kwa kuwa alitaka kujua jambo hilo kwa hesabu. Walitundika mizani kwenye boriti ya baraza, wanaume watano wakakiinua kitabu na kukitia kwenye mfuko wa turubai anaokaa mtoto. Mshale ulizunguka mpaka mwisho, ukajaribu kuzunguka tena, kisha springi ikatoka nje na kitabu kikatua chini kwa kishindo kilichowaamsha mbuzi.

"Zaidi ya kilo ishirini na tano," alisema Elina. Aliokota vipande vya mizani, akavifunga kwenye leso.

Mhina alifika kwa baiskeli wakati jamvi limeshatandikwa. Alisalimia wote, akapewa maji, akanywa, akaonyeshwa pa kukaa.

"Mhina," alisema Bi Mwaija, "nisogezee hicho kitabu, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Akanyoosha mkono mmoja. Akakiinua kitabu kama mtu anavyoinua sahani ya mihogo, akakiweka mbele yake.

Wale wanaume watano walimtazama. Mhina aliona shimo lililochimbika pale kitabu kilipokuwa, akaona boriti iliyopinda, na leso ya Elina yenye vyuma. Mikono yake ikaanza kutafuta pa kukaa.

"Fungua ukurasa wa tisini na nne."

Akafungua.

"Nakala yangu," alisema.

"Tumeisoma. Kwa nini uliitia humu?"

"Ofisini kuna majalada tu, yamejaa vumbi. Nilitaka ikae mahali pazuri."

Elina alikuwa amezalisha wanawake mia kadhaa na alijua sauti ya mtu anayesema kweli akiwa na maumivu.

"Nilikwambia habari ya bwawa," alisema Salaash.

"Uliniambia."

"Labda nilisema vibaya. Kiswahili changu, pengine."

"Ulisema vizuri, Salaash. Niliandika kila neno lako. Nikampelekea Bwana Valerian, mkuu wangu. Akasoma, akasema ripoti hii inachelewesha mambo, wenzako wote wameshapendekeza vijiji vyao, umebaki wewe. Hakunifokea hata kidogo. Alinipa karatasi safi na kaboni mpya."

"Na hii furaha?" aliuliza Bi Mwaija. "Mimi uliniuliza lini?"

"Sikukuuliza."

"Nilikuwapo. Ulikula mihogo kwenye jamvi hili."

"Nilikula."

Bi Mwaija alikunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. Hasira alikuwa nayo, lakini hakuiharakisha. "Miaka sita umenipendekezea vitabu kumi na tisa," alisema. "Vyote nimevipenda. Hukunidanganya hata kwa kimoja, ndiyo maana leo naumia. Ungekuwa mwongo wa kila siku ningekutoa hapa kwa fimbo. Sasa sikia. Kichukue kitabu, kipeleke kwa hao waliokupa karatasi safi. Wakishike wenyewe. Watu wazima wakisikia uzito wa jambo hawahitaji hotuba. Watalifuta pendekezo lao."

Alisema hivyo kwa uhakika, na wote pale barazani waliona ni shauri zuri; sahihi zile nyingine kumi hakuna aliyezikumbuka. Mhina alikifunga kitabu kwenye kitambaa chake cha flaneli, akakitia kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli, akaondoka akipiga kengele kwenye kona kama kawaida.

Jumatatu saa tatu alikiweka mezani kwa Bwana Valerian. Bwana Valerian alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyependa kalamu zake zipangwe kwa urefu. Alimsikiliza Mhina mpaka mwisho. Akauliza, "Uzito gani?" Akakichukua kitabu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kutia sahihi jambo jingine.

Akawaita wale wengine tisa. Walikuja wote, kwa sababu ilikuwa saa ya chai. Kitabu kilizunguka meza kama sahani ya karanga. Mmoja alikipima kwa kidole kimoja. Mwingine alisema ana mwanawe anayependa ndege. Walikipindua, walikitikisa, walitazama nakala ya pendekezo na kuitambua, kila mmoja akaiona sahihi yake na kuridhika kwamba ni yenyewe. Katika chumba kile kitabu hakikuwa na uzito wowote wa kulalamikiwa.

"Ni kitabu kizuri sana," alisema Bwana Valerian. "Kinaheshimisha ofisi. Eliasi, hebu kiweke kwenye rafu wasije wakakimwagia chai."

Eliasi alikuwa tarishi, mzee wa miaka sitini ambaye ujanani alibeba robota za katani pale stesheni ya Korogwe. Alikipokea. Magoti yakamwenda chini, mikono ikafuata, na saruji ya sakafu ikapasuka kutoka chini ya meza mpaka mlangoni.

Bwana Valerian alimtazama, akautazama ufa. "Umezeeka, Eliasi."

"Ndiyo, mzee," alisema Eliasi, bado amepiga magoti. "Na pia sikutia sahihi."

Mhina alimsaidia kuinuka. Kisha aliketi palepale, mbele yao, akaandika pendekezo la pili: kwamba bwawa la Juhudi hukauka mwezi wa saba, kwamba wakazi wa Kwemlomba hawakuulizwa, kwamba la kwanza lifutwe. Bwana Valerian alilipokea kwa mikono miwili, akaligonga muhuri wa kupokelewa, akaeleza kwa upole kwamba pendekezo la kwanza lilikuwa limekwisha kwenda mbele, na kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuwa na mapendekezo mawili. Mhina alirudi nyumbani na kitabu. Ufa wa sakafu ulizibwa wiki iliyofuata.

Malori yalikuja katikati ya mwezi wa sita. Watu wa Kwemlomba walipakia vinu, vitanda, kuku waliofungwa miguu na milango waliyoing'oa kwenye fremu. Waliosita walisaidiwa kwa virungu. Paa za nyasi zilichomwa ili mtu asirudi kulala. Bi Mwaija alipakia sanduku lake la mninga mwenyewe, akakaa juu yake, akafunga kanga chini ya kidevu. Hakugeuka nyuma. Baadaye alisema shingo ilikuwa inamuuma.

Mhina alikuwa ameomba likizo. Aliwafuata kwa baiskeli, kitabu kikapuni, akafika Juhudi wakati wanashusha mizigo, Elina na Salaash wakiwasaidia. Bwawa lilikuwa na maji ya kufika magotini. Kila familia ilikuwa imepewa kigingi chenye namba, vigingi vimesimama mistari minne iliyonyooka.

"Kiko wapi chako, mama?"

"Arobaini na nne."

Wakaenda wote wanne mpaka kigingi cha arobaini na nne. Mhina alitoa kalamu mfukoni. "Nimekuja kulifuta jina langu," alisema. "La kwangu naweza kulifuta. Yale kumi siwezi."

Bi Mwaija alimwangalia kwa muda. "Ukilifuta, wewe pia hutakiweza."

"Najua."

"Basi kwanza kiweke pale kitakapokaa. Nyumba yangu itatazama mashariki. Chumba cha mbele kitakuwa hapa. Hapa, kwenye mwanga."

Salaash alitafuta jiwe bapa na pana, wanaume wakalikokota na kulipanga sawasawa. Mhina akakiweka kitabu juu yake kwa mkono mmoja, akafungua ukurasa wa tisini na nne, akaikata sahihi yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Alijaribu kukiinua. Akajaribu kwa mikono miwili, akatanua miguu. Mshipa wa shingo ulimtoka, na kitabu hakikutikisika.

"Haya," alisema Salaash, akampa kitambaa ajifute.

Nyumba ya Bi Mwaija ilijengwa kukizunguka kitabu. Ilikuwa nyumba ya kwanza kukamilika kijijini, kwa sababu kitabu kizuri hakiwezi kuachwa juani.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba bata waliondoka. Siku nne baadaye bwawa likawa tope, na wiki iliyofuata tope likapasuka vipande ambavyo watoto walivirushiana. Maji ya karibu yalikuwa mto wao wenyewe, ule wa Kwemlomba, maili tisa. Wanawake walianza kuondoka alfajiri na kurudi adhuhuri, wakipita kila siku mbele ya kuta za nyumba zao za zamani. Mwaka ule na uliofuata mvua ilikuwa chache. Elina, aliyepewa mizani nyingine, alikuja kila mwezi kupima watoto wa Juhudi, na kila mwezi mshale ulisimama chini kidogo ya pale uliposimama mwezi uliotangulia. Watoto watatu waliacha kuletwa. Elina aliandika namba zote kwa wino usiofutika, akazituma zilikotakiwa kutumwa, akapata majibu ya shukrani.

Mhina alihamishiwa bohari ya majembe, ambako hakuna mtu aliyemwomba maoni. Kila Jumamosi alipita mtoni kwa baiskeli, akajaza madebe mawili, akayapeleka Juhudi. Miezi ya mwanzo Bi Mwaija aliyapokea bila neno, naye Mhina aliyatua na kuondoka. Katika mwezi wa nne wa safari hizo Bi Mwaija alimwambia aketi. Mwezi uliofuata alimuuliza anasoma nini siku hizi. Mhina alimtajia kitabu, akakisifia kwa hadhari, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua.

"Kiandikie cheti," alisema Bi Mwaija, "ukilete tukione."

Alikileta. Bi Mwaija alikipima kwa kiganja mbele ya wote, akakipa Elina, Elina akampa Salaash. Kilikuwa na uzito wake, basi. Tangu hapo mikutano ilihamia Juhudi, kwenye chumba cha mbele, na kwa kuwa maji yalikuwa ya shida walinawa mikono kwa bakuli moja kwa zamu, mwenye mikono safi kwanza.

Kitabu cha ndege kilikaa wazi kwenye jiwe lake. Watu wa Juhudi walikuja kukitazama wakitoka shambani, na kurasa tisini na nne za kwanza walizijua kwa moyo. Mbele ya hapo hakuna aliyeweza kwenda. Karatasi ilikuwa imelala pale, na zile kurasa za chini yake, picha arobaini na sita, zilikuwa zimefungika. Salaash alijaribu kwa nira ya ng'ombe wawili, akaacha alipoona ukurasa utachanika. Wazee walibishana kama kuna hondohondo huko ndani. Mwanamke mmoja aliyeitwa Chausiku alishikilia kwamba yumo kwale, lazima yumo.

Mwaka wa sabini na sita, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Bwana Valerian alikuja Juhudi kukagua. Alishuka kwenye Land Rover, akavutiwa na mistari ya nyumba jinsi ilivyonyooka. Bi Mwaija alimkaribisha ndani kwa adabu zote. Alikiona kitabu, akafurahi.

"Kumbe kiko hapa! Nilikuwa nakiulizia." Akaiondoa ile karatasi kwa vidole viwili, akaitazama, akaishika pembeni ili imwachie nafasi, akageuza ukurasa.

Salaash aliyekuwa mlangoni alisogea hatua moja. Elina alisimama.

"Endelea, baba," alisema Bi Mwaija. "Usituharakishie. Miaka miwili hatujaona ng'ambo ya hapo."

Habari ilitembea nyumba hadi nyumba kabla ukurasa wa pili haujageuzwa. Watu waliacha majembe, wakaingia, waliokosa nafasi wakasimama dirishani wakiwabeba watoto mabegani. Bwana Valerian aliguswa. Hakuwahi kuona kijiji chenye hamu ya elimu kiasi kile. Akageuza taratibu, kila picha akaiinua kidogo ili walio nyuma waione. Hondohondo alikuwamo, jike na dume. Kwale hakuwamo, na Chausiku akasema aliyechora amekosea. Kwenye ukurasa wa mia moja thelathini na moja alikuwamo ndege mdogo wa kijivu, hana urembo wowote, amesimama juu ya mwiba, na wote wakakubaliana kimyakimya kwamba huyo ndiye aliyengojwa kuliko wote. Mhina alikuwa nyuma kabisa, na mtu alimvuta mkono akampitisha mbele aone.

Zilipokwisha picha zote arobaini na sita, Bwana Valerian alirudi ukurasa wa tisini na nne, kwa kuwa alipenda kila kitu kirudi kilipotoka, akailaza karatasi mahali pake. Watu walimshukuru. Walimshukuru kwa dhati, kwa jambo lile walilomshukuria.

Bi Mwaija alimletea maji kwenye bilauri, akiwa amepiga goti kidogo kama anavyofanyiwa mgeni. Bwana Valerian alikunywa yote. Akafuta miwani, akatoa daftari.

"Maji ya hapa ni matamu," alisema, akaandika.

Nje, dereva wake alikuwa amefungua boneti na kumimina debe zima la maji ya Mhina kwenye rejeta. Gari likawaka, likageuka kwa vumbi jingi, likaondoka. Ndani Elina na Salaash walikuwa wameanza kubishana kuhusu yule ndege wa kijivu: Elina akisema macho yake yamechorwa mwisho, Salaash akisema yamechorwa kwanza. Bi Mwaija alikuwa akiwasikiliza wote wawili huku akitabasamu, akingoja zamu yake ya kusema.

Mhina aliliokota debe tupu pale gari lilipokuwa limesimama, akaliangalia kama halijapasuka. Akalifunga kwenye baiskeli, akaifuata njia ya mtoni.